Chatu wa Korongo la Mgagani

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mvua imenyesha wiki nzima. Korongo la nyuma ya mtaa wetu limegeuka bustani ambayo hakuna aliyeipanda. Mgagani, mlenda, mchunga, mboga zote za bure. Na mimi Maganga, karani wa mizani ya pamba, sina kazi tangu msimu uishe. Nimekuwa nikiitazama mali inaota huku napiga miayo. Leo nimezinduka.

Nimekwenda kwa Bi Mwanamisi, mwenye mgahawa karibu na stendi ya mabasi. Anasema watumishi wa ofisi za mkoa wamechoka na kabichi, wanalilia mgagani wa kuungwa na karanga. Nikamwambia kuanzia sasa mgagani ni mimi. Nitamletea kila siku. Amekubali. Ameniomba nisimwangushe, maana nina sura ya mtu wa kuangusha.

Nimeshuka korongoni jua limeshapanda. Nikakutana na jirani yangu Nyanjige, mjane, anapandisha na beseni limejaa mpaka linamwagika. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akauliza kama nimepotea njia. Kule chini nimekuta vijiti vitupu. Yule mama anachuma kama nzige. Ila nzige huwa wanaondoka.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeamka kabla ya jogoo. Nyanjige alikuwa ameshamaliza upande wa chini na ameingia upande wa juu. Nadhani halali usiku.

Mke wangu Kwandu alitaka kunifuata anionyeshe lipi ni lipi. Nilikataa. Jani ni jani. Nikachuma yaliyobaki, kiroba kizima, nikapeleka mgahawani kifua mbele. Bi Mwanamisi akayamwaga juu ya meza, mbele ya wateja, akaanza kuchambua. Hili la mbarika. Hili hata mbuzi hupita kando. Kisha akainua tawi moja, akaligeuzageuza, akaniuliza kama hii si pamba.

Miaka yote nimepima pamba. Nikamjibu kwamba inafanana.

Wateja wamecheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Bi Mwanamisi amenipa nafasi ya mwisho. Amesema anaitoa kwa sababu ya mke wangu.

Jumatano, 4 Desemba

Nimefikiri. Mimi sina tatizo lolote. Tatizo ni Nyanjige na wale kina mama anaoongozana nao. Wakiondoka korongoni, mgagani wote utabaki, na hata mtu asiyejua jani atauona tu kwa wingi wake.

Nimekwenda kunyoa kwa Hamimu. Hamimu ni mtunza siri mzuri: siri zote za mtaa anazo, na huzigawa bila upendeleo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimeona chatu korongoni. Mnene kama gunia la pamba. Amemeza mbuzi, na miguu ilikuwa bado inaonekana. Hamimu akaacha mashine hewani. Akaapa hatamwambia mtu. Nusu ya kichwa changu akaisahau.

Jioni mtoto wa dukani amenionya nisipite korongoni. Kuna chatu wawili, wamemeza ndama. Nimemshukuru.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku njema kuliko zote. Korongo lote kimya, langu peke yangu. Nimechuma nikiimba. Safari hii nimechukua sampuli jikoni kwetu, nikafananisha jani kwa jani. Mgagani halisi, mfuko mzima wa salfeti. Nilipojitazama nikaona mtu mwenye akili ambaye dunia ilichelewa kumtambua.

Bi Mwanamisi hakufungua hata mdomo wa salfeti. Ameuliza nimechuma wapi. Nikasema. Akarudi nyuma. Amesema wateja wote wanaulizia mboga imetoka wapi, na hakuna mtumishi wa serikali atakayekula jani lililotambaliwa na chatu. Nikamwambia chatu hatambai juu ya majani. Akaniuliza anatambaa juu ya nini.

Nyumbani Kwandu amewamwagia kuku salfeti yote. Kuku wamekula bila kuuliza maswali. Sisi tumekula ugali na dagaa.

Ijumaa, 6 Desemba

Mambo yamekua. Asubuhi nimesikia ngoma. Mzee Shija na kundi lake la wacheza nyoka wamekuja kutoka upande wa Lagangabilili, na makapu, na dawa, na nusu ya mji nyuma yao. Wanamtaka shahidi. Hamimu akanionyesha kwa kidole.

Nimetembea mbele ya umati kama bwana harusi anayepelekwa asikotaka. Mzee Shija akaniambia nionyeshe shimo. Nikaonyesha shimo la kwanza nililoliona. Wakapuliza dawa. Ngoma zikakolea. Kikatoka kitu kirefu, cha rangi ya udongo, kinakimbia moja kwa moja kuelekea miguu yangu.

Alikuwa kenge. Hilo nimeelezwa baadaye. Wakati huo nilikuwa nimeshafika ndani ya kichaka, na kichaka kilikuwa cha upupu.

Sitaandika jinsi nilivyojikuna. Inatosha kwamba ngoma zilisimama ili watu wanitazame vizuri. Mzee Shija, badala ya kusema hakuna chatu, amenusa hewa akatangaza kwamba yupo, tena mkubwa, na kenge ni mlinzi wake. Amesema chatu wa namna hii haondoki mpaka apewe mbuzi mweusi na yule aliyemwona. Ninaye mbuzi mmoja tu. Ni mweusi.

Wameondoka naye akiwa hai. Mzee Shija amesema chatu atamla kwa wakati wake.

Jumamosi, 7 Desemba

Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti, bwana Hamza, ametangaza kwamba usalama wa wananchi kwanza: kesho kila nyumba itoe mtu na panga, korongo lote lifyekwe na kuchomwa moto.

Mgagani wangu. Nikanyoosha mkono, nikasema huenda sikuona vizuri. Huenda lilikuwa gogo. Hamza akanitazama kwa huruma, akawaeleza watu kwamba hii ndiyo hali ya mtu aliyetazamana na chatu, akili huwa inaruka kidogo. Akaomba nipigiwe makofi. Nimepigiwa.

Kisha akasimama Nyanjige. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, mimi nachuma korongoni tangu niolewe hapa. Sijaona hata ngozi ya nyoka. Mkifyeka na kuchoma, Januari watoto wangu watakula ugali na nini?"

Hamza akamjibu, "Mayu, mama yetu, bora ugali mkavu kuliko kumezwa."

"Aliyemezwa ni nani? Nitajieni nyumba yenye msiba, tukawape pole."

Watu wakageuka kunitazama. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli wote, na mdomo nilikuwa nao. Lakini makofi yalikuwa bado yananipasha joto. Nikatazama chini, nikajikuna mkono. Wakahesabu hiyo kuwa ushahidi.

Jumapili, 8 Desemba

Tumefyeka. Kwa heshima yangu nimepewa panga la kwanza. Mpaka mchana korongo lilikuwa jekundu na jeusi kama mdomo uliong'olewa meno. Hakuna chatu. Hamza amesema amekimbia kwa kutuogopa, na amewashukuru wananchi kwa ujasiri wao.

Nyanjige alikuja mwisho, watu wameshaanza kurudi. Alipita pembeni mwa majivu akiokota miche iliyoponea kwenye mawe. Haikujaza hata kiganja. Aliponiona akanisalimia, mwadila, kwa adabu ile ile ya siku zote, akapita. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unapata cha kujibu.

Jioni dagaa tena. Kwandu akasubiri nimege tonge la kwanza.

"Baba Faraja, nilijua tangu Jumatano."

Nikamuuliza alijua nini.

"Ulisema amemeza mbuzi. Mtaa mzima hakuna aliyepotelewa na mbuzi. Wa kwanza kupoteza mbuzi ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Amesema alidhani nitajisemea mwenyewe, mbele ya watu, kama mwanaume. Halafu akachota nusu ya dagaa kwenye bakuli, akaifunika, akampelekea Nyanjige na wanawe. Hakuniomba ruhusa. Nimekula ugali uliobaki nikiwa na hasira, sijui ya nani.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikulala vizuri. Kwandu hasemi nami zaidi ya salamu. Nimejitafakari kwa kina kama inavyompasa mtu mzima, na nimeona kosa langu lilipokuwa.

Asubuhi nimewaona Nyanjige na wenzake wanashika barabara, mabeseni kichwani. Nikawafuata kwa mbali. Wamekwenda mwendo mrefu, wamempumzisha mtoto mmoja njiani, mpaka kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kandokando ya lile bwawa, nani angeamini: mgagani unafika magotini, mlenda, na mnavu juu yake. Wamejaza mabeseni na pamebaki tele. Nyanjige aliketi akaosha miguu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilimsikia akicheka.

Nimerudi kwa bodaboda nikiwa mtu mpya. Kosa langu halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuchagua mnyama wa nchi kavu. Kichaka kinafyekwa. Shimo linapulizwa dawa. Bwawa lenye maji, ambalo ng'ombe wa kijiji kizima wanalitegemea, nani atalifyeka?

Dereva wa bodaboda alikuwa kijana msikivu, na anabeba abiria wengi kwa siku. Nimemweleza kwa utulivu, bila chumvi, maana safari hii nimeamua kuwa mkweli kiasi. Mamba mmoja tu. Tena wa wastani.