Kadi Nyekundu Mia Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Baada ya mazoezi ya viungo ya asubuhi, meneja wetu Bwana Inagaki katangaza: wiki ya kupanga kiwanda! Kisicho na kazi kifungwe kadi nyekundu. Anayekihitaji aandike kwenye kadi jina lake na sababu. Siku mbili za kazi zikipita bila mtu wa kukidai, kinatupwa. Ijumaa atamtaja kiongozi mpya wa mstari wetu wa kuunganisha vali. Tuko wawili tu: mimi Hatanaka, miaka kumi na tisa hapa, na Kuwabara, anayechekacheka na kila mtu. Mke wangu keshawaambia majirani kwamba nimepata. Basi lazima nipate! Nimejitolea kufunga kadi. Zote mia mbili ziko mfukoni mwangu.

Jumanne, 4 Juni
Mvua. Kadi arobaini na moja, zote upande wa Kuwabara! Feni yake, kiti chake, hata kandambili. Kopo lake la vyuma vidogo, limejaa kutu, nimelifunga kadi kwa nyuma, chini, asiione. Takataka zangu mwenyewe, mota tatu zilizoungua na mengineyo, nimezificha kwenye gari langu. Kabati langu linang'aa. Mkaguzi kutoka makao makuu, Bi. Nonomura, ananifuata kila ninakokwenda na saa yake ya kupimia muda, akiandika. Bila shaka kavutiwa.
Mchana Kuwabara kanigawia tonge la wali lenye plamu ya chumvi. Eti, "Kula, kaka, leo umetembea sana." Anadhani tonge litanilainisha! Nimelila. Lilikuwa tamu, mshenzi huyu.

Alhamisi, 6 Juni
Kandambili, feni na kiti kavidai vyote. Kopo hakuliona! Asubuhi nimelitupa kwa mikono yangu.
Saa nne mashine ya kukaza vali ikasimama. Kipete cha shaba kimekatika. Vipete hivyo havitengenezwi tena popote. Kuwabara huvichonga mwenyewe na kuviweka kwenye kopo. Lipi? Lile! Wote tukaitazama rafu yake. Duara tu kwenye vumbi. Nikasema labda panya. Bwana Inagaki akauliza panya gani anabeba kilo nne.
Nimechakura kwa muda wa saa moja na nusu ndani ya pipa la vyuma chakavu huko nje, mvua inanipiga, wenzangu wa mstari mzima wamejipanga dirishani. Kopo nimelipata. Kadi ingali inaning'inia, mwandiko wangu mzuri: "Takataka. Hatanaka."

Ijumaa, 7 Juni
Bi. Nonomura kasoma hesabu zake mbele ya wote. Kasema upotevu mkubwa hapa si vyuma, ni kutembea mikono mitupu. Mtu mmoja, Jumanne, hatua elfu sita mia mbili na arobaini. Vali alizofunga: tisa. Hakunitaja jina. Hakukuwa na haja.
Kiongozi ni Kuwabara. Kisha Bwana Inagaki kaniomba kadi moja, akanifunga nayo kwenye kifungo cha shati. Nikacheka. Yeye hakucheka. Isipopatikana idara ya kunidai kufikia Jumanne, nahamishiwa ghala la milimani, saa mbili kwa treni. Mke wangu nitamwambia nini? Nimeogopa. Naandika wazi: nimeogopa.

Jumatatu, 10 Juni
Hakuna aliyenidai. Watu wa idara ya kupaka rangi waliponiona wamejifanya wanatafuta kitu chini ya meza.

Jumanne, 11 Juni
Dakika tano kabla ya kengele Kuwabara kaja na kalamu, kaishika kadi kifuani kwangu, kaandika: "Anahitajika. Sababu: anajua kila kitu kilipotupwa. Kuwabara." Halafu kasema, "Pangusa macho, kaka, vumbi hilo." Nikainama mpaka kiuno kikalia. Nilitaka kumkumbatia.
Nimekuwa mtu mpya! Husuda basi. Hila basi.
Ila nimeona wamemletea kiti kipya cha kiongozi, chenye magurudumu. Cha nini, na cha zamani anacho? Huo si upotevu? Nimezihesabu kadi: zimebaki mia na hamsini na nane. Moja tu. Kwa nyuma, chini.