Gitaa la Marehemu na Kodi Moja Tu

Jumatatu, 1 Septemba

Sijasema uongo. Nimesema jambo ambalo bado halijawa kweli. Kuna tofauti, na asiyeiona akapimwe macho.

Ilikuwa hivi. Wifi Tumwagile kapiga simu kutoka Mikumi. Ndiye dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Lupakisyo, na tangu wazee waishe anajiona serikali. Kasema mwaka umetimia. Jumamosi ya wiki ijayo ukoo unakutana kwa Filipo, mdogo wake marehemu, kumaliza msiba na kugawa vitu. Makoti kwa watoto. Baiskeli kwa mjomba. Gitaa kwa Filipo, maana gitaa apewe mtu anayejua kulipiga.

Filipo! Anajua kodi tatu za kanisani, basi. Kodi, kwa wapiga gitaa, ni kubana nyuzi kadhaa zilie pamoja. Hizo tatu zenyewe anazibana huku katoa ulimi nje.

Nikausikia mdomo wangu unasema: hata mimi najua kulipiga.

Tumwagile kacheka mpaka kakohoa. Kasema vizuri sana, wifi, utatupigia siku hiyo mbele ya ukoo, na atakayetufurahisha ndiye atakayelichukua. Halafu nije na mbuzi.

Gitaa haliondoki humu ndani. Marehemu alilipiga kila jioni pale kizingitini, na kila jioni nilimwambia apunguze kelele. Sasa nyumba iko kimya. Kimya hicho sikukiagiza mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimejifungia na gitaa. Nyuzi sita! Mkono una vidole vitano, na gumba liko nyuma linashikilia shingo, halina msaada. Aliyelitengeneza hakuuliza mtu.

Nimevimba vidole. Mimi, ambaye jembe halijawahi kunitoa lengelenge tangu niache shule darasa la nne! Uzi mwembamba kama wa kufungia mchicha umenitia adabu.

Hapa lazima mwalimu.

Jumatano, 3 Septemba

Mwalimu nimempata hapa hapa Magomeni ya Kilosa. Anaitwa Oswald. Mwisho wa wiki huenda Mikumi kuwapigia watalii gitaa hotelini wakila. Anasema anapiga jazi. Kofia haivui hata ndani ya nyumba ya mtu. Kaniamkia shikamoo na kofia yake kichwani, nami nikamwitikia marahaba ya nusu mdomo.

Bei yake: somo moja, jogoo mmoja. Si mtetea, bibi, jogoo.

Nikamwuliza kodi ziko ngapi duniani. Kacheka. Kasema hata yeye hajazimaliza. Wakati anasema hivyo macho yako dirishani, kwenye banda langu la kuku. Nikauona mpango mzima! Kodi moja moja, jogoo mmoja mmoja, mpaka banda libaki la kufugia panya.

Basi nikamgeuzia. Nikamwambia, baba, mtu anayejua kweli hahitaji kodi zote. Ni ipi moja inayoweza kufanya kazi ya nyingi?

Mwenye majivuno ukimwuliza jambo gumu husahau biashara. Kavuta kiti. Kanionyesha kodi inaitwa diminishi. Vidole vinne, nyuzi nne. Ukishaibana, unaisogeza juu, unaruka vile vyuma vilivyolala shingoni mwa gitaa, vitatu, unabana vile vile. Sauti ni zile zile nne, zimebadilishana viti tu. Ukiruka tena vitatu, ni zile zile tena. Huhamishi kidole hata kimoja! Unateleza tu.

Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu alipoingia. Kachukua jogoo.

Ijumaa, 5 Septemba

Oswald kapita kunikagua, bila malipo, anapenda kusikilizwa. Kanieleza kila wimbo una kodi ya nyumbani, pale wimbo unapotulia. Halafu ipo kodi ya kukurudisha nyumbani, wanaiita ya saba. Watu wa kawaida hupiga hiyo ya saba. Mtu wa jazi haipigi. Anapanda nusu hatua juu yake, anaweka diminishi badala yake.

Nikasema nimeelewa. Diminishi ni kaimu.

Kanikodolea macho. Nikamfafanulia. Kama Domina kwenye kikundi chetu cha akina mama. Mwenyekiti kahamia Msowero, Domina kakalia kiti chake, anakaimu mpaka leo.

Oswald kafurahi hadi kofia ikasogea. Kasema bibi una kichwa. Lakini, kasema, kaimu anakufikisha mlangoni tu. Lazima umalizie na kodi ya nyumbani. Hilo ni somo la pili, na jogoo wa pili.

Aha! Ndio hapo. Nimemfukuza. Jogoo wa pili ana kazi yake, na kodi ninayo. Domina naye hajui kufunga mkutano, tunakaa pale mpaka mbuzi wanarudi wenyewe, lakini nani amekufa?

Kaniachia skeli ya diminishi, yaani ngazi yake ya sauti, pale mlangoni, kwa hasira. Hatua ndefu, hatua fupi, ndefu, fupi, mpaka unarudi ulikotoka. Imeniingia mara moja. Ndivyo Filipo anavyotembea tangu pikipiki imwangushe.

Jumatatu, 8 Septemba

Aibu. Tena aibu niliyoletewa mlangoni.

Nimefanya mazoezi tangu Jumamosi. Napanda, vyuma vitatu, vitatu, vitatu. Nashuka. Nikichoka naacha palipo. Kwangu mimi ni safi kabisa.

Leo mchana nimefungua mlango nikakuta akina mama wamejaa uani, kanga zimefungwa viunoni. Jirani yangu Mwanvua yuko mbele. Wameleta kuni! Mmoja kaja na sufuria kubwa ya shughuli. Nikauliza nani kafa.

Mwanvua kanishika mkono. Kasema tumekusikia, Bi Siwema. Siku zote hizi gitaa la marehemu linalia, linapanda, halifiki popote. Hata mume wangu kashindwa kula. Tukasema mwenzetu msiba umemrudia upya. Lia, mwenzangu. Lia umalize.

Nikamwambia hicho si kilio, hiyo ni jazi.

Kaniangalia kwa huruma zaidi. Kawageukia wenzake, kawaambia taratibu kwamba nimeanza kuweweseka.

Wamekaa mpaka jioni. Yule wa sufuria kamlilia mume wake mwenyewe, ambaye yu hai, yuko Lumuma kwenye vitunguu. Nimewapikia ugali. Kuni zimebaki, hilo tu ndilo la faida.

Wakati anatoka Mwanvua kasema nimwite nikitaka kumalizia. Kumalizia nini? Hawa watu hawana sikio.

Jumatano, 10 Septemba

Tumwagile kanikumbusha mbuzi. Kanikumbusha kwa sauti ile ya kumkumbusha mtoto kunawa.

Nimekaa nikafikiri. Mbuzi wangu ni mmoja na ana mimba. Ndipo akili ya jazi ikanijia. Kama kodi inaweza kukaliwa kiti na nyingine, na wimbo ukawa mtamu zaidi, mbuzi ana nini? Nitapeleka jogoo. Jogoo atamkaimu mbuzi.

Ndiyo maana nilimnyima Oswald. Kila kitu kina mpango wake, ila watu hawaulizi.

Leo pia kanyatia chini ya dirisha langu, Oswald, kajifanya anapita. Kasema, bibi, kodi ya nyumbani ni vidole vitatu tu, nitakuonyesha hata kwa mayai. Huruma ya mtu mwenye kofia siitaki. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwa Filipo, Mikumi. Ningelala wapi tena.

Niliwasili gitaa nimelifunga kanga mgongoni kama mtoto, jogoo kwapani. Ua umejaa. Ukoo mzima, mchungaji, sufuria za wali zimefunikwa majani ya mgomba. Filipo kanipokea vizuri mno. Shemeji, pole na safari, shemeji, kaa kivulini. Mtu akikukarimu hivyo anatamani kitu chako.

Tumwagile kamtazama jogoo. Kasema, mbele ya watu wote, wifi, mbuzi wako ana manyoya.

Nikamwambia anakaimu. Watu wamecheka mpaka mchungaji kainama kufunga kamba ya kiatu. Ana kandambili.

Makoti yakagawiwa. Baiskeli ikaenda. Likabaki gitaa. Tumwagile kasema tunamsikiliza wifi, kisha Filipo, kisha sala, kisha chakula. Nikakaa kwenye kigoda. Nikawatangazia kwamba ninachopiga ni jazi, asiyeelewa anyamaze.

Nikaanza. Diminishi ya chini. Kimya! Hata watoto. Nikateleza, vyuma vitatu. Nikaona wameegemea mbele. Vitatu tena. Mama mmoja kashika kifua. Nikasema moyoni, Siwema, umewaweza.

Shingo ya gitaa ikaisha. Nikashuka. Nikafika chini, wote wameshusha pumzi nusu, mikono iko tayari kupiga makofi. Sasa nifanye nini? Nikapanda tena.

Mchungaji kasimama kwa ajili ya sala. Kasikiliza. Kakaa. Nikashuka, kasimama. Nikapanda, kakaa.

Sikujua kuacha! Nyumbani kwangu huacha palipo, hakuna anayenitazama. Pale kila nilipotaka kuinua mkono, kodi yenyewe ilikataa, ilikuwa kama kumwacha mtu mguu mmoja hewani. Nikajaribu skeli ya Filipo, ndefu, fupi, ndefu, fupi. Ikanizungusha ikanirudisha pale pale.

Tumwagile kauliza, wifi, unaelekea wapi? Nikamwambia naja. Baada ya muda kauliza kama nimeshafika. Nikamwambia bado. Wali unapoa. Mtoto kaanza kulia, na bibi mmoja wa Kilosa kamfuata. Mwingine kasema kwa nguvu, jamani mwenye uwezo amsaidie huyu mwanamke!

Filipo jasho linamtoka. Kavumilia, kavumilia. Mwisho karuka, ndefu, fupi, ndefu, kaninyang'anya gitaa mapajani, katoa ulimi nje, kabana vidole vitatu, kapiga kodi moja. Ile ya kwanza kabisa, ya watoto wa shule ya Jumapili.

Haaa! Ua mzima. Kama watu waliotua mizigo kwa pamoja. Mchungaji kasema amina bila kuomba. Majani ya mgomba yakafunuliwa papo hapo. Wanaume wakamkumbatia Filipo. Kuna aliyelia.

Tumwagile kaamua kabla hajameza tonge la kwanza. Gitaa la Filipo, maana ndiye aliyetufikisha.

Nimepinga! Nimesema mimi ndiye niliyewabeba njia nzima, yeye kafungua mlango tu! Wamenijazia sahani.

Jogoo wangu walimchinja wa kwanza. Wamemsifia. Wanafiki.

Jioni Filipo kakaa kizingitini na gitaa. Kodi zake tatu. Mbovu. Nilikuwa ndani nakunja kanga. Nikajisikia nampigia kelele, wewe, punguza kelele hizo! Naye kapunguza kidogo, kisha kaendelea, vile vile kama kaka yake.

Nimekunja kanga ile ile mara tatu. Hakuna cha kuandika hapo.

Jumapili, 14 Septemba

Filipo kaniambia asubuhi, kwa heshima zote, shemeji, nipe ruhusa nikuonyeshe ile kodi ya nyumbani. Ni dakika chache. Halafu gitaa ukae nalo Kilosa, mimi nitakuwa nakuja kulisalimia.

Nikamwuliza kama ananiona ombaomba. Kupewa gitaa kwa huruma! Nitalichukua siku nitakayolishinda, si siku nitakayohurumiwa. Kakuna kichwa. Tumwagile kasema kichwa hiki hata jembe la trekta haliingii. Nimeichukua kuwa sifa.

Lakini mtu haendi Mikumi akarudi mikono mitupu. Wakati nakunywa chai nimeona ukutani kwa Filipo, juu ya kabati, kuna tarumbeta. La baba mkwe, alilipuliza kwenye bendi ya mashamba ya mkonge enzi hizo. Nikauliza la nani sasa. Tumwagile kasema la ukoo. Halina mwenyewe, hakuna anayeweza kulipuliza. Akitokea, alichukue.

Nikausikia mdomo wangu.

Watanisikia Krismasi, mbele ya ukoo wote, mchungaji akiwepo. Tumwagile kacheka mpaka kakohoa. Na acheke.

Nimelishika tayari, nimelichunguza. Gitaa lilikuwa na nyuzi sita. Tarumbeta lina vitufe vitatu tu. Nusu ya kazi! Na Oswald haitwi, banda litapumzika. Nitajifunza kile kitufe cha katikati, basi.

Kitavikaimu vile vya pembeni.