Jinsi Dobi Pasi Moto Alivyoitafuta Aiskrimu ya Mama Mkwe

Tegeni masikio, enyi mliokaa vibarazani na enyi mliosimama jikoni na mwiko mkononi. Punguzeni redio, wanyamazisheni watoto, na yule anayetafuna kitu kwa kelele na ameze kwanza. Nawaletea habari ambayo wafalme wa kale, kwa panga zao zote na farasi wao wote, hawakujaaliwa kuwa nayo, kwa sababu hawakuwa na friji. Nitawasimulia habari za Pasi Moto, dobi wa mtaa wetu, mwangamizi wa madoa, mnyoosha kola, bwana wa makaa na mvuke, na jinsi alivyotoka peke yake mchana kweupe kwenda kuitafuta aiskrimu moja kati ya aiskrimu kumi na nane. Mkiniuliza nimejuaje, nitawajibu kwamba nilikuwepo. Nilisimama nyuma yake kwenye foleni, na koni ya chokoleti niliyoitamani tangu asubuhi ikacheleweshwa kwa ajili yake nusu saa nzima. Sijamsamehe mpaka leo, ila historia lazima isimuliwe na mtu, na wengine wote walikuwa wanakula.

Basi jueni kwamba mama mkwe wa Pasi Moto, malkia wa kiti cha sebuleni, mwenye jicho linaloona vumbi lililo chini ya kabati akiwa bado mlangoni, alikuwa ameng'olewa meno manne kwa mpigo. Tangu siku hiyo hakutia kitu kinywani. Uji aliusukuma. Supu aliitazama mpaka ikapoa kwa aibu. Siku ya pili daktari wa meno akasema waziwazi kwamba asipokula hadi jioni, arudishwe hospitali akalazwe na kutundikiwa dripu. Mke wa Pasi Moto, binti pekee wa yule mama, akawa anazungukazunguka chumbani huku anafuta machozi, maana uso wa mama ulikuwa umeingia ndani na mikono imeanza kutetemeka. Ndipo malkia alipofumbua kinywa kilichojaa pamba akatamka maneno matatu, "Aiskrimu. Ya harusi," kisha akafumba.

Mke akamgeukia mumewe. "Harusi yetu hiyo anayoisema. Mimi siku ile sikuonja hata maji, niliogopa kuharibu rangi ya midomo. Wewe ndiye uliyempakulia mama. Ilikuwa ya nini vile?"

Mtu mwenye akili timamu angesema sikumbuki, na mambo yangeishia hapo. Lakini mama mkwe alikuwa amefungua jicho moja. Miaka tisa walikuwa wameishi chini ya paa moja, na kwa miaka yote tisa yule mama alimwita mkwewe "huyo". Huyo amerudi. Mwambie huyo afunge mlango. Huyo amekula? Na jambo hilo lilimuuma Pasi Moto kuliko makaa yoyote yaliyowahi kumuunguza. Mbele ya jicho lile moja akatanua kifua, akanena:

"Ewe mke wangu! Mtu anaweza kusahau njia ya kwao, anaweza kusahau hata umri wake, lakini asahau aiskrimu ya harusi yake? Naijua aiskrimu hiyo kama ninavyoijua pasi yangu! Nipe kikapu, nami nitarudi nayo kabla mama hajageuka upande wa pili."

Uongo mtupu. Siku ya harusi alikuwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana hata ulimi ukafa ganzi. Ungempa sabuni ale, angesema ahsante, tamu.

Duka la aiskrimu liko pembeni mwa barabara, mkabala na kinyozi, nalo ndilo lililopeleka ndoo kwenye harusi ile. Ukiingia unapigwa na ubaridi usoni, na mbele yako, nyuma ya kioo, yamejipanga majeshi. Safu ya kwanza ni aiskrimu za maziwa, nzito na zenye majivuno: vanila, chokoleti, nazi, korosho, kahawa, stroberi, embe, ndizi. Safu ya pili ni barafu za matunda zisizo na maziwa, ndimu na pasheni na nanasi na tikiti, ambazo humkunja mtu uso kisha zikamfanya aombe tena. Nyuma yao mtindi ulioganda, unaopendwa na watu wanaojidanganya kwamba wanapunguza mwili. Pembeni inanguruma mashine ya aiskrimu laini, ikijisokota inavyotoka. Na chini, kwenye giza la friji, zimelala barafu za vijiti, ambazo hazijawahi kuliwa na mtoto bila kufika kiwikoni. Juu ya majeshi hayo yote alitawala muuzaji, mama wa miraba minne mwenye kofia ya plastiki kichwani na kijiko cha kuchotea mkononi.

"Karibu kaka. Ipi?"

Pasi Moto akaweka mkono kifuani. "Ewe mama wa baridi, mlinzi wa barafu zisizokubali kuyeyuka! Miaka tisa iliyopita, katika ukumbi ulio nyuma ya shule, ulileta aiskrimu kwenye harusi ya mtu mnyenyekevu. Mtu huyo ndiye mimi. Nitajie tu ilikuwa ya nini, nami nitaondoka kwa amani."

"He! Harusi ngapi nimepeleka aiskrimu, kaka yangu? Mimi hata nilichokula asubuhi sikikumbuki. Sema ipi, watu wanangoja."

"Basi nionjeshe."

"Vijiko viwili. Mtu mmoja, vijiko viwili. Sheria hiyo hapo ukutani."

Na kweli ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: KUONJA MWISHO VIJIKO VIWILI. Pasi Moto akaonja vanila. Tamu. Akaonja nazi. Tamu. Akafumba macho akaungojea ulimi wake umwambie kitu, ulimi ukakaa kimya. Akatoka nje, na kila aliporudi alijipenyeza mbele yangu. Akaja tena, safari hii amevua kofia yake, akaonja korosho na stroberi. Akaja mara ya tatu amevaa miwani aliyoazima kwa kinyozi.

"Kaka, si ni wewe tena," muuzaji akasema.

"Hapana, mimi ni mdogo wake."

"Haya, mdogo wake. Vijiko viwili."

Alipofika kijiko cha sita kinywa kilikuwa kimeganda, midomo haifungi vizuri, na hangeweza kutofautisha kahawa na chaki. Nyuma kukaanza manung'uniko. Mwalimu mmoja wa kike, amebana madaftari kwapani, akapaza sauti: "Jamani, huyu si mteja, huyu anakula chakula cha mchana hapa!" Nami, nisiwafiche, nilichangia. Nilimwambia, "Ndugu, chagua au toka, wengine tuna kiu." Hayo ndiyo maneno yangu katika historia, na sijivunii.

Hapo simu yake ikalia. Ilikuwa na spika ya nguvu, tukasikia sote. "Umefika wapi, baba watoto? Mama midomo imekauka kabisa. Nimeita teksi ya hospitali, na nguo zake nimeshaanza kuzipanga kwenye begi." Sauti ya yule mwanamke ilikatika katikati. Pasi Moto akasema, "Nakuja, nakuja," akazima simu, akaegemea kioo. Nikaiona ile mikono inayoshika pasi ya makaa kutwa nzima, imeng'ang'ania kikapu. Alikuwa anaogopa kwelikweli: kumwogopea mama, na kuogopa kurudi mikono mitupu mbele ya lile jicho. Moyo ukaniuma. Si sana, lakini uliniuma.

Akarudi mara ya nne. Muuzaji akamnyooshea kijiko cha pasheni, mkono wa shujaa ukakosea, na tone likadondoka kwenye mkono wa shati lake jeupe. Pasi Moto akalitazama lile doa la njano. Akalitazama muda mrefu. Kisha uso wake wote ukafunguka.

Nyinyi mnaokumbuka kwa ulimi hamtaelewa, lakini dobi anakumbuka kwa nguo. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi, mama mkwe alikuja na gauni lake jeupe lenye doa la aiskrimu kifuani, la njano, akalitupa juu ya meza ya kupigia pasi na kusema, "Kama kweli ni dobi, litoe." Pasi Moto akalipaka sabuni, na doa, badala ya kutoka, likageuka jekundu! Ndoa ina siku moja, na gauni la mama mkwe linavuja damu mikononi mwake. Almanusura arukie dirishani. Siku mbili alilisugua kwa ndimu na kulianika juani mpaka likawa jeupe, na hakumwambia mtu. Mama mkwe alilipokea, akalikagua mishono yote, akasema "Hm," akaenda zake. Lakini doa la namna ile, dobi hulisahau siku ya kuzikwa.

"Mama!" Pasi Moto akaguta, miwani ya kinyozi ikamteleza hadi puani. "Sitaki tena kuonja! Nipake!"

"Nini?"

"Nipake shatini! Kila ya njano uliyo nayo, tone mojamoja! Sheria yako imeweka mpaka kwenye kuonja. Juu ya madoa haikusema neno!"

Foleni nzima ikageuka kusoma ukuta. Mwalimu akausoma mara mbili, maana ndiyo kazi yake. "Ni kweli," akatamka kwa shingo upande. "Haijaandikwa."

"Shati ni lako," muuzaji akasema, akachovya kijiko.

Basi akampaka kifuani matone manne, akayapanga kama nishani za jemadari: embe, nanasi, vanila ya mayai, ndizi. La tano, la pasheni, lilikuwa tayari pale mkononi. Shujaa akachomoa mfukoni kipande cha sabuni, akakichovya kwenye kopo la kusuuzia vijiko, na vita vikaanza. Akasugua pasheni: ikapauka. Akasugua embe: ikakaa vilevile, ya njano, haina habari. Nanasi likatoweka bila kuaga. Vanila ikaacha mafuta. Kisha akagusa ndizi kwa ncha ya sabuni, na mbele ya macho yetu sote doa likageuka jekundu.

"Damu!" mwalimu akaruka nyuma, madaftari yakamwagika.

"Si damu!" Pasi Moto akapiga kelele ya ushindi. "Ni manjano! Kaweka manjano ya jikoni! Manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu! Ni ndizi! Mke wangu, ilikuwa ndizi!"

Macho yote yakamgeukia muuzaji. Yule mama wa miraba minne akapungua kidogo. "Sasa mlitaka nifanyeje?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ndizi ukiisaga inageuka kijivu, rangi ya maji ya kudekia. Nani atanunua kijivu? Naweka kijiko kimoja tu kwenye ndoo nzima, marehemu mama ndiye aliyenifundisha, wala ladha yake huisikii." Hakuna aliyeondoka. Tena watu watatu waliokuwa wamesema vanila wakabadilisha wakasema ndizi.

"Nipimie lita moja," Pasi Moto akasema, "na Mungu amrehemu mama yako."

Ndani ya kikapu chake lilikuwemo blanketi la mteja, fundi viatu, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Akaliviringisha kwenye kopo la aiskrimu bila kumwomba radhi mtu, akatimua mbio juani. Nami nikamfuata. Ndiyo, nilikuwa nimefika mbele kabisa ya foleni, muuzaji ameshika koni yangu, nami nikaiacha nikamkimbilia mtu na kikapu chake, kwa sababu nilitaka kujua mwisho. Hakuna aliyenishukuru kwa hilo.

Begi la hospitali lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu. Mkewe alipofungua mlango na kuona kifua cha mumewe akashika mdomo. "Mungu wangu, umechomwa kisu?"

"Ndizi," shujaa akajibu, akapita.

Wakaleta bakuli. Wakaleta kijiko kidogo. Mama mkwe akafungua jicho, akaikagua ile njano, akafungua kinywa. Kijiko kikaingia, akaiweka aiskrimu mdomoni bila kuimeza, na chumba kizima tukaacha kupumua, mimi nikiwa dirishani. Akameza. Akachukua kijiko mwenyewe mkononi mwa binti yake. Akala cha pili, cha tatu, akala mpaka kijiko kikawa kinakwangua bakuli tupu. Mkewe Pasi Moto akalia kwa sauti, bila aibu, huku anapiga simu kumwambia dereva wa teksi asije.

Ndipo malkia akajifuta kidevu. Akamtazama mkwewe kutoka viatuni, akapanda polepole doa kwa doa, akafika usoni. Akanyoosha bakuli.

"Ongeza, baba," akasema. "Uchoyo huu umeutoa wapi?"

Baba! Mmesikia? Andikeni, enyi wenye kalamu, na msio na kalamu chongeni ukutani: kwamba saa tisa na robo mchana, katika nyumba ya vyumba viwili, bila jeshi wala farasi, kwa kipande cha sabuni tu, dobi wa mtaa wetu aliitwa baba na mama mkwe wake, tena kwa kugombezwa, jinsi mama anavyomgombeza mtoto wake wa kumzaa. Wapo walioteka miji wakafa bila kuonja heshima ya namna hiyo. Shujaa alisimama pale na madoa yake manne, anajaribu kutoa hotuba, na kwa mara ya kwanza siku ile hotuba ikagoma kutoka.

Akachukua bakuli kwa mikono miwili, akaongeza.