Injinia Alivyokitahini Kigari cha Mwalimu

Tangu gurudumu libuniwe, hajatokea binadamu aliyejua magari kuliko Injinia!

Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Aliyasema kazini, aliyasema kwa kinyozi, na safari moja aliyasema hata msibani, akiwaeleza wafiwa kwamba gari lililoleta jeneza lilikuwa na ekseli dhaifu.

Sasa nisiwafiche, jamani. Injinia hakuwa injinia. Alikuwa karani wa masjala, kwenye idara inayotunza mafaili ya magari. Kwa miaka kumi na tisa aliyapanga kwa namba, akayafunga kamba, akayapiga mihuri. Kwa hiyo magari aliyajua, tena sana, ila aliyajua yakiwa karatasi.

Na alikuwa na gari lake. Aliliita Himaya. Lilikuwa refu kama hotuba ya mgeni rasmi, na lenye kiu hivi kwamba enzi za uhai wake likipita karibu na kituo cha mafuta lilikata kona lenyewe! Mwaka wa nne huu lilikuwa limekaa juu ya matofali uani, limeziba nafasi yote, na kuku wa jirani alikuwa akitaga kwenye kiti cha nyuma. Kila Jumapili Injinia alivaa shati la kola ngumu, akakaa nyuma ya usukani, akafungua redio, akawapungia mkono wapita njia. Haendi popote. Anapunga tu.

Mkewe alikuwa mkunga. Huyo hakuwa na muda wa kupunga. Alizalisha zahanatini na aliitwa majumbani, na huko alikwenda kwa miguu, begi begani, beseni kwapani. Mwezi uliopita alitembea mpaka viatu vikacheka, akafika na kukuta mtoto amemtangulia. Mama wa mtoto alikuwa sakafuni, baridi na hoi, na shuka halitazamiki. Alipona, lakini kwa kuponea chupuchupu. Mkunga alirudi nyumbani siku ile, akaitazama Himaya. Akaanza kutafuta gari.

Akalipata. Lilikuwa la Mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Alikuwa anahamia kwa mwanawe na gari hakulihitaji tena. Dogo, jeupe, safi, bei ya mtu mwenye mshahara, na lilisifika kwa kutokunywa.

"Nimekupa wewe nafasi ya kwanza," Mwalimu alimwambia mkunga. "Lakini mwenye duka la dawa naye analitaka. Jumamosi saa sita kamili nataka jibu. Saa sita na dakika moja ni lake."

Injinia kusikia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kile? Kile si gari, mama watoto! Kile ni kisanduku cha sabuni! Nikipiga chafya ndani yake vioo vyote vinatoka! Haliingii gari kwenye ua wangu bila tathmini ya kitaalamu."

"Lifanyie hiyo tathmini," mkunga akasema, "lakini tuelewane, baba watoto. Ukilifelisha, uandike sababu, na Mwalimu aikubali. Nitakaa kimya, niendelee kutembea. Likifaulu, hilo banda lako la kuku linatoka uani."

Injinia akachungulia uani. Himaya itoke? Apunge mkono akiwa wapi?

Usiku kucha alichapa fomu. Fomu ya Tathmini ya Chombo cha Usafiri, maswali arobaini, nakala tatu, karatasi za kaboni katikati, na nafasi ya muhuri. Jumamosi saa tatu asubuhi alitokea kwa Mwalimu na muhuri wake mfukoni, kalamu sikioni, tumbo mbele.

"Swali la kwanza," akatangaza. "Mlango." Akaufungua, akaufunga kwa kidole. "Mwepesi mno! Mlango wa heshima hufungwa kwa bega."

"Unafunga?" Mwalimu akauliza.

"Unafunga."

"Andika unafunga."

Akaandika. Swali la buti: mkunga akatia begi, beseni, mzani wa watoto na mashuka, akafunga. Injinia akatafuta kasoro, akakosa. Akaandika "linatosha" kwa mwandiko mdogo kama mchwa.

"Swali la tano. Injini. Liwashe, Mwalimu."

Mwalimu akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Injinia akainama, akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho kama daktari bingwa. Akanyanyuka anatabasamu.

"Halijawaka! Mmeona? Betri imekufa! Ngoja niwaonyeshe linavyowashwa na mtaalamu."

Akaingiza mkono, akazungusha ufunguo. Krrrrrr! Gari lilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Lilikuwa limeshawaka, Bwana Injinia," Mwalimu akasema taratibu. "Huwa halipigi makelele."

Mkunga akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu havikuwa na kamba.

Basi ikafika zamu ya kuliendesha. Mwalimu alikuwa mfupi, kwa hiyo kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa. Injinia akatia mguu mmoja. Akatia tumbo kwa awamu mbili. Akatia kichwa. Mguu wa pili ukabaki nje ukishangaa, mpaka akauvuta ndani kwa mikono. Aliponyanyua macho, magoti yalikuwa jirani na masikio, na usukani umezama tumboni kama kisu kwenye mkate.

Akapapasa chini kutafuta cha kurudishia kiti. Akavuta kishikio cha kwanza: boneti ikafunguka. Akavuta cha pili: kifuniko cha mafuta kikafunguka.

"Unatafuta kitu?" Mwalimu akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Nakagua vishikio," Injinia akajibu, jasho likimtoka. "Vipo."

Kuuliza? Injinia amwulize mtu? Yeye huulizwa!

Wakafika kituo cha mafuta. Akaamuru tangi lijazwe mpaka shingoni. Kisha, kwa kuwa haaminiki mtu katika dunia hii, akamtuma mkewe abandike karatasi ya gundi juu ya kifuniko, na juu yake upigwe muhuri wa masjala. Madereva wa teksi waliokuwa wakipiga soga pembeni wakasogea kutazama.

"Mzee, unalifungia faili?" mmoja akauliza.

Injinia akachomoa kichwa dirishani. "Vijana, leo mtajifunza kitu! Wanasema hiki kiberiti hakinywi mafuta. Uongo! Kila gari linakunywa. Nasema mbele yenu: sitoki humu ndani mpaka mshale wa mafuta ushuke! Nikitoka kabla, mniite mtoto mchanga!"

Wakapiga makofi. Mkunga, aliyekaa kando yake, akatazama saa.

Wakaingia barabara ya kuzunguka mji. Mzunguko wa kwanza: mshale umesimama palepale, umenyooka kama askari wa gwaride. Mzunguko wa pili: vilevile.

"Mshale mbovu," Injinia akasema. "Andika: mshale mbovu."

"Ulipowekwa mafuta ulipanda," Mwalimu akasema. "Uliuona mwenyewe. Kwa hiyo haujafa, haujapata sababu tu ya kushuka."

Hapo Injinia akaacha kutathmini, akaanza kulitia gari kiu kwa nguvu. Akawasha kiyoyozi. Akawasha taa zote, jua linawaka. Akawasha wipa zikwangue kioo kikavu, kwii, kwii! Kwenye kila taa nyekundu alikanyaga mafuta mpaka watembea kwa miguu wakaruka. Akalipandisha kilima cha matangi ya maji mara nne. Kigari kikapanda, kikashuka, kikapanda, bila kinyongo.

Mshale? Umesimama! Lakini Injinia ndiye aliyekuwa anashuka. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi mzunguko wa tatu. Wa tatu na nusu, kiuno. Mwenyewe akawa anaendesha kwa vidole vya mguu mmoja na kiburi.

"Baba watoto, mbona umebadilika rangi?"

"Ni mwanga wa kioo. Kioo chao kibaya. Andika kioo."

Saa tano kasoro, simu ya mkunga ikalia. Alikuwa fundi viatu, na sauti yake ilisikika gari zima: "Mkunga, chupa imepasuka! Mke wangu anasema mtoto anakuja sasa hivi! Njoo!"

"Kata kulia," mkunga akamwambia mumewe.

"Tathmini haijaisha."

"Nimesema kata kulia!"

Akakata. Sauti ile aliijua. Mtu hubishana na mkewe, habishani na mkunga.

Nyumba ya fundi viatu ilikuwa mwisho wa kichochoro, kati ya kuta mbili na kamba za nguo. Himaya ingekwama kwa pua tu. Kigari kikaingia kama uzi kwenye tundu la sindano, kikapita shuka moja, suruali mbili, kikasimama mlangoni kabisa. Kabla hakijatulia, mkunga alikuwa ameshafungua buti na ameshaingia ndani.

Injinia akabaki. Mwalimu naye akabaki, mikono juu ya mkoba. Wanawake wa kichochoro wakakusanyika mlangoni kusubiri habari, na kwa kuwa habari ilichelewa, wakamtazama Injinia.

"Shemeji, si utoke unyooshe miguu?" mmoja akamwambia.

"Nimeapa," akajibu kwa sauti nyembamba.

Ukweli, wapenzi wangu, ni kwamba alishajaribu. Mara mbili! Mguu haukusikia amri. Tumbo lilikuwa limeukubali usukani kama ndugu. Alikuwa ameumuka, na joto la kichochoro linamwumua zaidi.

Nusu saa baadaye kilio kikatoka ndani, kikali, cha mtu mpya mwenye hasira. Shangwe! Mkunga akatokea mlangoni, anajifuta mikono.

"Msichana," akasema. "Alikuwa na kamba ya kitovu shingoni. Ningechelewa dakika kumi tu..." Akaweka kiganja juu ya paa la kigari, akakiacha hapo kidogo. Ndipo akainama dirishani. "Baba watoto, tuondoke. Saa sita inakaribia. Jibu lako?"

Injinia akafungua kinywa kutoa jibu. Kikatoka kitu kingine.

"Mke wangu... nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Humu! Nimekwama! Nakufa mke wangu!"

"Wote husema hivyo," mkunga akasema, akakunja tena mikono ya gauni.

Akafungua mlango. Akapapasa tumbo, akapima na usukani kwa vidole vinne, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi. "Amekaa vibaya. Bibi, njoo nisaidie."

Bibi wa mtoto aliyezaliwa akaja mbio, mikono bado na maji ya moto. Wanawake wakafanya duara. Madirisha yakafunguka mpaka ghorofani.

"Vuta pumzi kwa pua," mkunga akaagiza. "Toa kwa mdomo. Usisukume mpaka nikwambie."

"Naumia!"

"Najua. Mwenzio huko ndani hakupiga kelele hivi. Geuza bega. Jingine! Bibi, bonyeza tumbo hapo. Sasa... sukuma!"

"Mamaaa!"

"Pumzika. Kichwa nakiona. Mara ya mwisho: sukuma!"

Pu! Injinia akatoka. Kichwa, bega, tumbo kwa awamu mbili, kisha miguu yote kwa pamoja, akatua chali vumbini, mwekundu, amelowa jasho, mikono imekunjwa kifuani. Kichochoro kizima kikapiga makofi.

Bibi akamtazama kwa wasiwasi. "Mbona halii? Mpigeni kofi la mgongo!"

"Nipo!" Injinia akapiga yowe. "Nipo hai!"

Mwalimu akashuka taratibu. Akainama, akaingiza mkono mbele ya kiti, chini, katikati, akanyanyua kishikio kwa vidole viwili. Kiti kikateleza nyuma, shwaa, mpaka mwisho. Pakabaki nafasi ya kulala.

"Kipo hapa," akasema. "Ungeuliza."

Injinia akafumba macho. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeshika ukingo wa mwisho: "Mshale... umeshuka?"

Mwalimu akavaa miwani, akatazama dashibodi. "Haujashuka."

"Basi umetoka kabla ya wakati, baba watoto," mkunga akasema. "Njiti. Na kesho utafute watu wa kusukuma Himaya. Mwalimu, saa ngapi?"

"Sita kasoro dakika nane."

"Nalichukua."

Wakapeana mikono juu ya mgonjwa. Fomu ilikuwa imeanguka chini ya usukani, imejikunja pembe, na safu ya mwisho, Maoni ya Mtathmini, ilikuwa tupu. Mkunga akaiokota, akaiweka juu ya boneti. Akamtoa mumewe muhuri mfukoni, akaupiga. Kisha akachukua kalamu na, akikandamiza vizuri ili yafike mpaka nakala ya tatu, ile ya masjala, akaandika kama anavyoandika siku zote kwenye daftari la zahanati:

"Saa tano na dakika hamsini. Wa kiume. Ametanguliza kichwa. Gari na mtoto wote wazima."