Kisiwani Kutafuta Jina

Jumatatu, 12 Januari 2026, Lodwar

Semina ya wafanyabiashara wa mifugo. Mkufunzi aliniuliza jina. Kabla sijatamka Kerrow, Mursal, mwenzangu wa soko la Garissa, akanijibia: huyu ni Kursi. Ukumbi mzima ukacheka! Mara moja tu nililala kitini sokoni Garissa, mbuzi wangu wakatafuna vitambaa vya fundi cherehani, basi nitaitwa kiti hadi kaburini. Na Mursal? Anaitwa Libah, simba. Mtu anayeruka paka akipita!

Kwetu Wasomali hujichagulii jina la utani. Unapewa, nalo linaganda. Jumapili wazee wa Eldas wanakuja kumposa binti yangu Ifrah. Wakwe wanijue kama fanicha? Haiwezekani.

Mpango ninao. Jumatano tunapelekwa kwenye kisiwa cha volkano, Ziwa Turkana. Nitapita ukingo wote wa kreta hadi kileleni. Dubow, tunayelala naye chumba kimoja, atapaza sauti “Buur!”, yaani mlima. Wengine watadakia. Nimemhonga kopo zima la halwa.

Jumanne, 13 Januari

Mazoezi. Kitu kirefu zaidi nilichowahi kupanda Garissa ni lori la ng’ombe. Nikatafuta ngazi za hoteli. Hoteli haina ghorofa! Nikapanda na kushuka lori lililoegeshwa nje hadi dereva akauliza naiba nini. Mwizi, mimi!

Mursal amenunua viatu vya mlima. Aliniuliza kwa upole kama nitahitaji kubebwa. Hasira imeninyima chakula.

Jumatano, 14 Januari

Nani alisema ile ni njia? Changarawe nyeusi inayoteleza, upana wa mkeka wa kuswalia. Kushoto shimo lenye ziwa la kijani. Kulia shimo jingine. Mwongozaji wetu, mama wa Kiturkana, alisema mamba wanazaliana humo chini. Ndiyo habari ya kumpa mtu akiwa katikati?

Upepo ukanisukuma. Nikaketi. Kidogo tu, nitafakari! Kusimama tena kukanishinda. Nikaendelea kwa makalio, mawe yakala suruali yote nyuma, wenzangu wakinipiga picha kwa simu. Mursal akanipita, tena akaniomba radhi. Alipokanyaga kileleni nikamsikia Dubow: Buur! Buur! Wote wakadakia.

Nilimkabili Dubow.

“Ulisema nimwite hivyo atakayefika juu,” akanijibu. “Wewe hukufika.”

Halwa keshaimaliza. Mursal sasa ana majina mawili ya fahari. Mimi nilirudi botini nimejifunga kikoi cha nahodha.

Ijumaa, 16 Januari, Garissa

Baada ya swala simu ikalia. Mzee Abdilatif wa Eldas, baba wa bwana harusi. Akauliza habari za watoto, za ngamia, za mvua. Kisha:

“Samahani, mkwe. Wewe ndiye Kerrow Surwal?”

Surwal! Suruali! Picha yangu ya nyuma imefika Eldas kabla mimi sijafika nyumbani! Nimeumia, sifichi. Mke wangu Saynab anasema angalau si Kursi tena, na nitulie nyumbani hadi Jumapili. Nitulie! Baada ya fedheha hii?

Hapana. Kosa lilikuwa la mlima. Jumapili nitavuka mto Tana kwa kuogelea, na jina nimeshalipata: Yahas, mamba. Wakwe nimewaambia wasije nyumbani kwanza, wasimame darajani watazame. Kuogelea nitajifunza kesho.