Chafya ya Pili ya Trilokinath Kesarwani

Sogezeni viti, enyi mliokwisha kuchoshwa na habari za wafalme waliovunja kuta za miji kwa tembo na mizinga. Zimeni simu, wanyamazisheni watoto, mnisikilize nikisimulia vita vilivyopiganwa mbele ya geti la hoteli moja hapa Sawai Madhopur, alfajiri ya ukungu wa Januari, baina ya mwanamume mmoja na pua yake mwenyewe. Na msijisumbue kunitafutia wa kumcheka, nawarahisishia kazi: mpumbavu wa siku ile nilikuwa mimi, Kajod Gurjar, dereva wa gari la wazi la kupelekea wageni msituni, mla vumbi wa Ranthambore, ambaye maisha yalikwisha kumpiga makofi ya kila namna mpaka akadhani hayana tena pa kulenga.

Shujaa ni nani? Ni Trilokinath Kesarwani, muuza pampu za maji wa Kanpur, Mwenye Tumbo Litangulialo, Bwana wa Masharubu Mawili Yasiyopatana, maana la kulia liliangalia juu na la kushoto lilikwisha kukata tamaa. Alitujia akitoka kuiteka kaskazini yote. Kule Agra aliligeuzia mgongo lile kaburi jeupe ili apigwe picha, kisha akatangaza kwamba marumaru ya ngazi za shemeji yake inang'aa zaidi. Kule Fatehpur Sikri alisimama katikati ya mji ambao mfalme aliujenga akauhama, akauliza choo kiko wapi. Kule Jaipur aliipanda ngome ya Amber hadi nusu, na nusu iliyobaki akaishinda kwa kuitazama kutoka kwenye kibanda cha chai.

Nyuma yake, katika ushindi wote huo, alitembea mkewe Vimlesh, kabeba mfuko wa dawa za shujaa na mfuko mzito zaidi wa vitafunio vya shujaa. Mama huyu aliomba jambo moja tu katika safari nzima, nami nilimsikia akilisema jioni ya kuamkia siku ile: "Makaburi nimeona ya kutosha. Nataka kuona kitu kimoja kinachopumua. Nataka simbamarara." Na kibali chao cha kuingia msituni kilikuwa cha asubuhi ile moja tu. Mchana walikuwa na treni ya kurudi Kanpur.

Basi wakapanda. Mbele alikaa shujaa. Nyuma akakaa Vimlesh, na kando yake Amma, mamaye shujaa, mtunza sheria zote za ukoo, aliyekuwa amefungwa shali juu ya shali akawa kama furushi la posta, naye amesinzia. Nikawasha gari. Ndipo shujaa akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya kupita, isiyomdhuru mtu, na Amma hakuisikia. Lakini mimi, kwa adabu niliyofunzwa, na kwa jina la heshima tumwitalo mfanyabiashara, nikapaza sauti: "Uishi miaka mia, Lalaji!"

Furushi likafumbua macho.

"Nani kapiga chafya?"

"Lalaji, Amma."

"Ngapi?"

"Moja," nikajibu, kwa kuwa upumbavu wangu asubuhi ile ulikuwa bado haujamaliza kazi.

"Moja! Zima gari!"

Kwetu hata mtoto anajua: mtu akipiga chafya moja mguu ukiwa njiani, balaa limemshika shati, akipiga ya pili, limemwachia. Chafya moja, unakaa. Unangoja ya pili, au unangoja jua lipande juu ya ukuta, ndipo unatoka. Ila jua likipanda juu ya ukuta, geti la msitu limeshafungwa.

"Amma, kakohoa tu," Vimlesh akasema upesi.

"Mkwe wangu, pua hiyo nimeizaa mimi. Nitashindwa kuijua inapokohoa? Unataka kumpeleka mwanangu kwa simbamarara na chafya moja, tena kwa gari lisilo na hata mlango?"

Hapo ndipo shujaa akasimama garini, akashika chuma cha mbele kama jemadari wa vita ashikavyo hatamu, akahutubu:

"Ewe mama uliyenilea, ewe mke niliyepewa, nawe dereva! Mimi Trilokinath, ambaye pampu zangu zimetoa maji katika ardhi ambayo miungu yenyewe ilikwisha kuiacha, nitashindwa leo kutoa upepo puani mwangu? Nipeni nafasi!"

"Nafasi ipo tele, Baba Rinku," akasema Vimlesh. "Gari halina paa."

Ikaanza vita. Jemadari akainua kichwa kuelekea mbinguni, akafumba jicho moja, akaachama. Matundu ya pua yakatanuka kama malango ya ngome yanayofunguliwa farasi watoke. Sharubu la kulia likatikisika. La kushoto, kwa mara ya kwanza tangu nilijue, likaunga mkono. Chafya ikaja, tuliiona kwa macho ikija, ikapanda kutoka kifuani, ikapita koo, ikafika kwenye daraja la pua. Mlinzi wa hoteli akaweka chini bilauri yake ya chai. Hakuna aliyevuta pumzi. Kisha ile chafya ikasimama, ikaangalia huku na huku, ikageuza, ikarudi ilikotoka.

"Imekwenda," shujaa akasema, akaketi.

"Iite," akaamuru mama yake.

"Haiitiki, Amma."

Nikatoa ushauri wa pilipili manga. Amma akanikemea kwamba chafya ya kulazimisha haina hesabu, si mbele ya miungu wala mbele yake. Nikaukodolea macho mkebe wake wa ugoro uliochungulia kwenye mikunjo ya shali. "Hata usiutazame," akaniambia. Nikamwomba shujaa ashuke aitazame taa kubwa ya gari, maana kuna watu ambao mwanga huwatekenya pua. Akaitazama kwa ushujaa mkubwa hadi akapofuka, akapapasa, akamshika mlinzi mkono akamwuliza, "Vimlesh, dawa yangu umeniwekea wapi?" Mlinzi akamwongoza hadi kitini.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Bhanwar, mwongozaji aliyekuwa akitungoja kwenye geti la msitu.

"Kajod, wenzako wote wameingia. Wewe unakamua nyati?"

"Tunangoja chafya, kaka."

"Ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Aa. Basi sawa. Lakini mwambie huyo mtu afanye hima, wanashusha mti wa geti sasa hivi."

Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Nilimwona Vimlesh akiutazama ukuta, akilipima jua lililokuwa linakuja kumnyang'anya kitu alichokiomba. Hakulia, hakugomba. Alinyoosha mkono chini ya kiti, akatoa blanketi.

Blanketi lile ni mali yangu, nami silitetei. Limewafunika wageni wa kila taifa, na maji pekee liyajuayo ni ya umande. Akalikunjua polepole, akamfunika mumewe toka magotini hadi chini ya macho.

"Umekaa kifua wazi, Baba Rinku. Utaugua bure."

Kisha akampigapiga mabegani, paf, paf, kwa mapenzi ambayo sikuwa nimeyaona baina yao tangu niwapokee stesheni. Kila kofi la mapenzi likatoa wingu.

Enyi waandishi wa tarehe, chovyeni kalamu! Andikeni kwamba Trilokinath wa Kanpur alitetemeka kuanzia visigino, kwamba tumbo lake lilirudi nyuma kama wimbi linalojikusanya, na kwamba alipoliachilia, tausi waliolala juu ya paa la hoteli waliruka wakipiga yowe, mbwa wa mtaa wakakimbia wasijue wanamkimbia nani, na chai ya mlinzi ikahama bilauri. Haikuwa chafya, ilikuwa tangazo. Miji iliyopigwa mizinga mwezi mzima haikusikia kishindo cha namna ile.

"Mbili!" Amma akapiga makofi. "Mbili! Mwanangu!"

"Mmeona?" shujaa akasema, akijifuta masharubu, macho yamelowa kwa utukufu. "Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa naichelewesha kwa makusudi, ipate nguvu."

"Tumeona, Lalaji," nikamwambia. "Watasimulia hadi Delhi."

Amma alimtupia mkwe wake jicho. "Na hilo blanketi?"

"Baridi, Amma," akasema Vimlesh, akatazama mbele.

Sikungoja hukumu. Nililiendesha gari lile kama mtu aliyeiba. Tukapita chini ya mti wa geti ukiwa unashuka, Bhanwar akarukia ndani akitukana kwa heshima, tukashika njia ya ziwani.

Naye alikuwepo. Simbamarara jike, amejilaza ukingoni mwa maji chini ya magofu ya kibanda cha wafalme cha kuwindia, analamba mguu wa mbele bila haja ya kumpendeza mtu. Nikazima gari. Vimlesh akashika chuma kwa mikono miwili. Mifuko yote miwili ilimdondoka miguuni, hakuiokota. Nimewapeleka watu wengi pale, wengi wao hupiga kelele kimoyomoyo unawasikia. Huyu alitulia kabisa, akawa anapumua pamoja na yule mnyama.

Shujaa alijipiga picha akiwa amempa simbamarara kisogo, yule mnyama akaonekana kwenye picha kama doa la manjano nyuma ya sikio la shujaa. Akaikagua. Akaridhika.

"Haya, tumemwona. Ni paka, ila kanenepa. Dereva, turudi, kifungua kinywa cha hoteli kinaondolewa, na kuna ngome hatujaiona."

"Tukae kidogo, Baba Rinku."

"Kidogo cha nini? Amelala chini. Hata kina Rinku wanalala chini, nishakulipia treni uwaone? Dereva!"

"Mwanangu ana njaa," Amma akaunga mkono. "Mkwe, usiwe king'ang'anizi. Umeonyeshwa, shukuru. Twende."

Bhanwar akanitazama, nami nikamtazama Bhanwar. Dereva ni nani? Nikashika ufunguo, nikauzungusha, gari likaguna.

Na shujaa, ambaye bado alikuwa amejifunika lile blanketi langu hadi kidevuni, akapiga chafya.

Tukangoja. Akaachama, akafumba jicho, akajaribu. Hakuna kilichofuata. Amma akaikazia macho ile pua.

Vimlesh hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa simbamarara.

"Hiyo ni moja, Amma, na mtoto wa kiume unaye mmoja tu. Kaka Kajod, zima gari."