Kuugua kwa Ruzuku ya Serikali

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili bila mke wangu Glenys. Yuko Colac kwa dada yake, na mbwa kaondoka naye. Sharti lake halijalegea: atarudi Ballarat nikishazungumza na mwanasaikolojia. Wa kweli, si Ken wa duka la pombe. Anadai tangu nistaafu kuuza mifereji ya paa nimegeuka mtu wa kukaa bandani nyuma ya nyumba na redio imezimwa. Kosa liko wapi? Redio ikiwaka analalamikia kelele.

Nimempigia mwanasaikolojia mmoja kuuliza bei. Fundi wangu wa gari hatozi hivyo, naye angalau hukuonyesha kifaa kilichovunjika.

Jioni akapiga Trevor, mwanyumba wangu, mume wa huyo dada wa Colac. Mtu wa kujisifu hata kwa maradhi. Akasema ni mjinga tu anayelipa bei nzima. Nenda kwa daktari wako wa kawaida, akiona hauko sawa anakuandikia mpango wa matibabu, halafu kila ukienda kwa mwanasaikolojia Medicare, bima ya afya ya serikali, wanakurudishia sehemu ya fedha. Hadi mara kumi kwa mwaka. Yeye kesha kwenda mara sita tangu apasuliwe goti. Aliitamka hiyo sita kama anavyotaja samaki aliovua.

Nikamuuliza daktari hupenda kusikia nini. Ukweli, mwanyumba, akasema. Ushauri wa mtu asiye na mbinu.

Jumatano, 5 Machi

Tangu asubuhi mazoezi ya kushusha pumzi mbele ya kioo. Mabega chini, nyusi chini. Ndevu sikunyoa. Niliomba miadi mirefu ili huzuni ipate nafasi.

Dk. Wickramasinghe, mama anayenitibu miaka yote, akanikaribisha, akauliza habari yako Des. Nikajibu si mbaya, siwezi kulalamika. Mdomo ulijiendea wenyewe! Ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu alijibu hivyohivyo akiwa kwenye machela.

Akauliza usingizi. Kama gogo, nikasema. Chakula je? Nakimaliza. Na nyumbani? Kumetulia, nikasema, na hapo sikudanganya. Moyoni najipigia kelele, mdomoni mambo shwari.

Basi muda uliobaki akautumia kunikagua ngozi. Akaona kidoa puani, akakichoma kwa ile dawa yao ya baridi kali. Nimerudi bila mpango, na plasta puani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebadili kliniki. Ng'ambo ya mji, nisikojulikana, kwa kijana anaitwa Dk. Farrugia. Safari hii sikufungua mdomo ovyo. Akanipa fomu ya maswali kuhusu mwezi uliopita, nami kila swali nikaweka alama penye "muda wote". Lile la kushindwa kutulia kitini nililijaza nimekunja nne.

Kijana akaisoma, akasogeza kiti karibu. Akauliza kwa upole kama niko salama, kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Hapo nilijiona mdogo kama punje. Nikamwambia la, hapana, sivyo hivyo. Akauliza kama kuna mtu wa nyumbani anayeweza kuongea naye kwa ruhusa yangu. Namba ya Glenys nikampa haraka. Acha asikie mumewe alivyo taabani, apakie mizigo leo hii.

Simu ikawekwa spika. Glenys akataka kwanza kuhakikisha kama ni huyuhuyu Des aliyeshinda sinia la nyama kwenye bahati nasibu ya klabu Jumamosi, akapigwa picha amelikumbatia. Daktari akanitazama. Sinia lenyewe lilikuwa soseji tupu, nikajitetea. Kisha Glenys akapunguza sauti, akamuuliza daktari kama nimemwambia habari za banda. Nikasema banda halihusiani na mambo ya kliniki.

Dk. Farrugia hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema anaamini kuna jambo linanisumbua, ila siyo hili nililomjazia, na nirudi kwa daktari anayenifahamu nikiwa na majibu ya kweli. Glenys alikuwa kesha kata simu.

Jumatatu, 10 Machi

Sikukuu ya wafanyakazi, ambayo huku kwetu ni Machi. Kliniki zimefungwa. Trevor hajafungwa, akaja na gari lake. Ametumwa kuchukua blanketi la umeme la Glenys.

Nikamwambia mbona baridi bado haijaingia. Akasema ndiyo, bado. Watu hawachukui blanketi la umeme mwezi wa tatu ila wanapanga kuwa huko mwezi wa saba, baridi ikikolea.

Akaingia jikoni akaona meza ina sahani mbili. Akauliza nina mgeni gani. Nikasema ya pili ni ya mboga. Akaitazama, haina hata punje ya njegere. Nilingoja anitanie. Akasema tu, mwanyumba, hilo la sahani kamwambie daktari. Nikamwambia achukue blanketi lake aende. Waya wa blanketi nimeuficha. Glenys asichome umeme wa Colac bure.

Jumatano, 12 Machi

Kwa Dk. Wickramasinghe tena. Habari yako, Des? Siwezi kulalamika.

Safari hii hakuandika kitu. Alikaa kimya akinitazama. Mbinu chafu. Mimi nimeuza mifereji maisha yangu yote, najua anayeanza kuongea ndiye anayeshusha bei, lakini mama yule ana subira ya mamba. Nikajikuta nasema blanketi limechukuliwa. Kisha nikasema bandani sina kazi yoyote, nakaa tu kwa sababu hakuna anayenipigia tena kuuliza kitu. Kisha macho yakatoa maji. Nilimweleza ni kidonda cha pua kinavuta.

Akaandika mpango palepale, pamoja na rufaa. Nilivunjika moyo kidogo. Mbinu zote zile, na mama kaniandikia kwa blanketi.

Kwa kawaida foleni ya mwanasaikolojia inafika mwezi wa nane. Ila mtu kaahirisha, nimepewa Ijumaa. Nimempigia Glenys nikamwachia ujumbe: nimepatikana mgonjwa halali.

Ijumaa, 14 Machi

Mwanasaikolojia ni Bronte Kowalczyk, rika la binti yangu kama ningekuwa naye. Akauliza kilichonileta. Nikaona dirishani mfereji wake umelegea, maji yanashuka ukutani. Nikamweleza. Akashukuru, akauliza tena kuhusu nyumbani. Nikamweleza vibano vinavyoshika mfereji. Kila alipomtaja Glenys nilimtajia kutu. Saa ikaisha. Alisema tukutane tena, na kwamba mara ijayo tutafunga pazia.

Nimelipa, sehemu imesharudi benki. Nikampigia Glenys: tayari, nimezungumza, njoo. Akauliza tulizungumza nini. Mifereji, nikasema. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hadai nipone, anataka nimwambie yeye chochote kinachonikaa moyoni, hata kimoja. Akauliza je, tukienda wote wawili, ningeongea?

Wazo zuri sana! Nikapiga kliniki kuomba nafasi ya wawili. Dada wa mapokezi akasema mpango wangu ni wa matibabu yangu. Akija mke katika matibabu hayo, Bronte ataona cha kufanya, lakini fedha za kutengeneza ndoa serikali hairudishi. Mkitaka hilo ni bei nzima.

Nimekaa nalo hadi chai ikapoa. Ufumbuzi upo, tena ni rahisi. Glenys naye augue. Apate mpango wake kwa daktari wa Colac, apangiwe saa inayofuata yangu. Mimi nikitoka, yeye anaingia. Tutapishana ukumbini pale, tutasalimiana, pengine tutakaa kitambo kwenye yale makochi, yote kwa fedha za Medicare.

Kesho mapema nitampigia kumfundisha jinsi ya kushusha mabega. Sioni atakataaje.